Nina miaka 5 kwenye utafiti ngazi ya PhD. Cheti cha ujuzi nilioupata humo nakipata wapi?

MtafitiNjaa
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, wenye kejeli wapite kimya kimya.

Nina miaka 5 kwenye utafiti ngazi ya PhD. Eneo langu ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi, wilaya za Kongwa na Chemba. Mtakumbuka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye ile sumu. Mimi niliingia baada ya hapo, kuangalia wakulima wanahifadhije na kwa nini mtu anaijua mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, anaisifia, halafu hainunui.

Sasa humo ndani sikusoma vitabu tu. Nimeandika dodoso la Kiswahili na kulijaribu mara 3 mpaka bibi wa Chemba akajibu bila kufafanuliwa swali. Nimefundisha wadadisi 8 wa kuhoji kaya. Nimeshika bajeti ya milioni 31, posho, mafuta, maabara, na risiti ninazo hadi ya betri za tochi. Nimebeba barua ya chuo kwenda kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), kwa DED (mkurugenzi wa halmashauri), kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, na kila meza nimejieleza upya. Data nimesafisha na kuchambua mwenyewe kwa Stata, programu ya takwimu. Nimesimama kwenye mkutano wa kijiji nikaeleza matokeo bila neno moja la kitaalamu na watu hawakusinzia.

Kuna shirika linatafuta mratibu wa mradi. Wanataka uthibitisho wa ujuzi wa kusimamia mradi, fedha na watu. Ujuzi ninao, karatasi sina. Je, kuna chombo kinachorasimisha ujuzi wa namna hii? Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

SitiYaMbele
Nimeshavuta kiti, mkuu.

FundiSeremala
VETA mkuu, wale wa mafunzo ya ufundi stadi. Wana urasimishaji wa ujuzi kwa waliojifunzia mtaani. Shemeji yangu kachomelea mageti miaka 14 bila cheti. Akapimwa kwa vitendo, akaelekezwa palipopungua, akapewa cheti. Akapata kazi kwenye mradi wa Wachina, mshahara ukapanda, akaongeza mke. Dada yangu mpaka leo akisikia neno kurasimisha anatoka nje.

MwalimuMstaafu
Ndugu mleta mada, VETA wanapima ufundi. Huwezi kwenda pale kupimwa namna ulivyoongea na mtendaji wa kijiji. Na kabla hujaambiwa ukimbilie TCU, tume ya vyuo vikuu, utaratibu wao wa kutambua maarifa ya awali ni wa kumwingiza chuoni mtu asiye na sifa za kawaida aanze shahada ya kwanza. Wewe unazo mbili tayari. Ukienda huko utakuwa umeshuka ngazi kwa hiari yako.

Lakini niseme jambo. Enzi zetu mtu alijulikana kwa kazi yake. Siku hizi hata kunawa mikono kuna semina na cheti. Mmeyataka wenyewe.

BintiPangani
Mimi niko Uingereza, nilimaliza PhD yangu huku. Hili jambo wenzetu walilishtukia zamani. 2002 kulitoka ripoti ya Roberts ikalalamika kwamba wahitimu wa PhD wanajua mada zao tu, waajiri hawawaoni kama wana stadi nyingine. Ikashauri kila mwanafunzi wa utafiti apate angalau wiki 2 za mafunzo ya stadi kila mwaka. Baadaye Vitae, shirika la huku la kuendeleza watafiti, wakaja na mfumo wao wa kumkuza mtafiti, uliokuwa na sehemu kuu 4 na vipengele 63, kuanzia uchambuzi hadi fedha na uongozi. Unajipima, unaandika ushahidi. Na ukiwa umefundisha semina unaweza kuomba utambuliwe na Advance HE, chombo cha huku kinachotambua wanaofundisha vyuoni, ngazi ya chini, hicho ndicho cheti hasa.

Ila nikwambie ukweli mdogo wangu, nilipoanza kutafuta kazi hakuna aliyeniuliza hivyo vipengele 63. Waliniuliza niliwahi kumfukuza mtu kazi. Nikawasimulia msaidizi wangu aliyekuwa anajaza madodoso akiwa kitandani. Nikapata.

MtafitiNjaa
Dada asante, lakini huko ni huko. Huku mwajiri anataka muhuri.

Kozi_Bora_TZ (mwanachama mpya)
Ndugu, suluhisho ni PMP. Ni cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi kutoka PMI, kinaheshimika dunia nzima. Mimi kilibadilisha maisha yangu. Njoo inbox nikuelekeze pa kusoma kwa bei poa.

Mhasibu_Mkorofi
Mwambie na masharti basi. Kwa mwenye digrii wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo kabla hujakaa kwenye mtihani. Hizo 35 unaweza kuzipata. Hiyo 36 ndipo kasheshe, utabishana nao kama kuhesabu magunia Kongwa ni mradi wa kazi au wa shule. Kwa Ijumaa sahau.

NyumaYaPazia
Mimi nasoma maandishi. Mleta mada kasema "nina miaka 5 kwenye utafiti ngazi ya PhD". Hajasema "nina PhD". Mkuu, umehitimu?

MtafitiNjaa
Hilo halihusiani na swali. Nimeuliza kuhusu ujuzi.

NyumaYaPazia
Linahusiana. Kama umehitimu, mtahini wa nje na msimamizi wako ndio ushahidi wako. Kama hujahitimu, tuanzie hapo.

Mhasibu_Mkorofi
Jibu swali mtafiti. Wewe si ndiye unayeuliza watu maswali kwa dodoso?

MtafitiNjaa
Sawa. Sijawasilisha tasnifu. Sura 3 ziko tayari, 2 bado. Usajili wangu unakwisha Desemba na hela za mradi zilishakwisha. Msimamizi nikimpelekea sura anakaa nayo miezi 4, inarudi na alama ya kuuliza moja pembeni. Nina watoto wawili. Mnataka nikae nisubiri alama ya kuuliza ya pili?

Na kabla hamjanirukia: barua ninayo tayari. Nimeiandika mwenyewe, kwa karatasi yenye nembo ya idara, nimeorodhesha kila nilichofanya. Kuna rafiki yangu mhadhiri msaidizi kasaini na kugonga muhuri. Iko kwenye bahasha. Hakuna neno la uongo mle ndani, hata moja. Nilichotaka kujua ni kama kuna chombo kitakachoipa nguvu.

SitiYaMbele
Kiti hakitoshi, naleta mkeka.

Wakili_wa_Mtaa
Mkuu, usitume hiyo bahasha. Kwenye Kanuni ya Adhabu kughushi hakuangalii tu kama yaliyoandikwa ni kweli. Kunaangalia waraka unadai umetoka wapi. Wako unadai umetoka idarani, na idara haiujui. Na huyo rafiki yako umemtia kitanzi bure. 2017 kwenye uhakiki wa vyeti walitajwa watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nina hakika humo walikuwemo waliokuwa wanaijua kazi yao kuliko mabosi wao. Haikuwasaidia.

MtafitiNjaa
Wale walighushi vyeti vya kidato cha nne. Mimi nimeandika nilichofanya. Nani mwingine aandike? Aliyekuwepo Chemba ni mimi na wadadisi wangu 6.

MamaNuru
Mwanangu, mtangulize Mungu. Riziki ya halali hata ikichelewa inafika. Mume wangu alikataa kusaini stakabadhi hewa mwaka 1998 akakaa nyumbani miezi 7 tukila uji, leo tuna nyumba Kibaha. Halafu nenda kwa huyo msimamizi ana kwa ana, usimtumie barua pepe. Watu wazima hawapendi kuandikiwa.

Kipanga_Boy
Jamani simameni kwanza. Hii ni CHAI. Tena ya rangi.

Moja, kaanza na wadadisi 8, sasa 6. Pili, Machi mwaka huu huyu huyu MtafitiNjaa alileta uzi anauza pikipiki Mbagala, "nimechoka na bodaboda". Mtafiti wa PhD na bodaboda wapi na wapi? Tatu, mwanachama mpya kaingia leo, posti yake ya kwanza ni kuuza kozi kwenye uzi huu huu. Hapa mmeletewa tangazo la kozi, mnalia machozi.

Mhasibu_Mkorofi
Duh. Hiyo ya tatu imenigusa.

BintiPangani
Na mimi nimeandika aya mbili nzima!

Kozi_Bora_TZ (mwanachama mpya)
Mimi simjui huyu ndugu. Ofa ipo mpaka Jumapili.

MtafitiNjaa
Pikipiki ni yangu. Nilimpa kijana hesabu ya elfu 8 kwa siku ili nilipe ada, kijana akawa analeta hadithi badala ya hesabu, nikaiuza. Kuwa na bodaboda kunamzuia mtu kusoma?

Wadadisi walianza 8. Wiki ya pili mmoja akapangiwa ualimu Katavi, akaondoka usiku huo huo na simpi lawama. Mwingine nilimtoa mimi. Majibu ya kaya 11 yalifanana hadi idadi ya kuku. Nikaenda kwenye zile kaya, 7 hazijawahi kumwona. Nikawagawa 6 waliobaki upya na nikaziba pengo la siku 9 kwa siku 5. Hiyo nayo iko kwenye barua mnayoiita ya kughushi.

Dalali_Kibaigwa
Mimi sina shule, niko soko la mahindi Kibaigwa mwaka wa 17. Ngoja nimpime huyu. Wewe mtafiti, ukija kwenye gunia langu unachukua mahindi wapi, na kwa kitu gani?

MtafitiNjaa
Kwa bambo. Nachoma juu, katikati, chini, na pembeni, halafu nahamia gunia lingine, nachanganya zote ndipo napunguza. Sumukuvu haikai sawasawa, inaweza kuwa kwenye punje chache tu za kona moja. Ukichota kiganja juu ya gunia utasema ni salama, kumbe sumu iko chini.

Dalali_Kibaigwa
Kiwango?

MtafitiNjaa
Afrika Mashariki ni 10 kwa bilioni kwa jumla ya sumukuvu, na 5 kwa ile aina ya B1.

Dalali_Kibaigwa
Huyu kashika bambo. Anayekariri kwenye simu angesema "kifaa cha kuchukulia sampuli". Kipanga mwache.

Kipanga_Boy
Sawa, nafuta ya pili na ya kwanza. Ya tatu naendelea nayo, huyo muuza kozi simwamini.

NyumaYaPazia
Turudi. Mkuu, hayo uliyoandika kumjibu Kipanga, ya kaya 11 na kuku, ndiyo uthibitisho wenyewe. Tangazo limesema uthibitisho au limesema cheti? Nakili hapa neno kwa neno.

MtafitiNjaa
"Mwombaji aoneshe uthibitisho wa uzoefu wa kusimamia mradi, fedha na watu, pamoja na majina ya wadhamini watatu."

NyumaYaPazia
Basi hakuna aliyekuomba muhuri. Umejitungia sharti, halafu umelivunjia sheria mwenyewe. Andika kurasa 2 kwa jina lako, bila nembo. Ambatisha muhtasari wa bajeti na jinsi ilivyofungwa, ratiba ya mafunzo ya wadadisi, nakala ya dodoso, kibali. Kwenye CV andika "mwanafunzi wa PhD, tasnifu haijawasilishwa". Wadhamini, weka aliyepokea hesabu zako ofisi ya fedha ya chuo, na mtendaji wa kata mmoja.

Wakili_wa_Mtaa
Na ripoti zako za maendeleo za kila miezi 6. Zile si msimamizi alisaini? Ndiyo saini yake halali unayo tayari, na huenda mle ulishaandika nusu ya haya.

MtafitiNjaa
Zipo 7. Nilizijaza kama adhabu, sikuwahi kuzisoma tena. Lakini mdhamini wa tatu watategemea awe msimamizi. Asipokuwepo wataniuliza.

MamaNuru
Ndiyo maana nikasema nenda ana kwa ana.

MwalimuMstaafu
Na hiyo barua ya muhuri uichane leo, mrudishie rafiki yako usingizi.

MtafitiNjaa
Nimewasikia. Bahasha bado iko mezani, sisemi nimeichana wala sisemi nitaituma. Kesho asubuhi napanda basi kwenda chuoni.

Dalali_Kibaigwa
Kabla hujapanda basi. Nina gunia 40 ziliingiliwa na maji ya mvua juzi, nimezianika. Nikikausha vizuri si zinafaa?

MtafitiNjaa
Zimekaa mvua siku ngapi kabla hujaanika?

Dalali_Kibaigwa
Nne. Nilikuwa msibani.

MtafitiNjaa
Pole kwa msiba mzee wangu. Kukausha kunazuia ukungu usiendelee, hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kupika nako hakuiondoi. Zitenge hizo 40 zisikae na nyingine. Usiuze, na usiwape kuku ukidhani umeokoa hasara, maana nao inawadhuru. Anika juu ya turubai, si chini. Ukaushe hadi unyevu ushuke 13 kwa mia. Kama huna kipimo, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa, tikisa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado mbichi, isipoganda ujue tu umeshuka chini ya 15 kwa mia, endelea kukausha. Ondoa zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye tundu. Halafu peleka sampuli ipimwe kabla hujaamua lolote. Ukitaka nitakuelekeza kwa simu namna ya kuichukua.

Dalali_Kibaigwa
Nitumie namba inbox. Na kwenye wale wadhamini watatu, kama mtendaji wa kata atakuzungusha, niandike mimi. Muhuri ninao, wa kibanda.