MREJESHO: yule wa mwani uliooza Micheweni, Pemba

Asalam aleykum. Miye ndo yule nlouliza mwezi ulopita mtu anapata wapi nguvu ya kuamka kila siku, mume kalala mguu umevunjika na mwani wangu wote nlopanda baharini umeoza kambani kwa joto la maji.

Basi yule alonambia niache kuomba nguvu za mwaka mzima, niombe za leo tu, Allah amlipe, maana ndo ilonishika. Nikishasali alfajiri sinyanyuki juu ya mswala mpaka nisome sura ya Inshirah, ile inayokariri mara mbili kuwa pamoja na uzito upo wepesi, kisha huyoo pwani. Kulia bado nalia, nsiseme uongo, bamvua hili (siku maji yanapokupwa sana) nlilia maji yako magotini huku nafunga mbegu za mwani na vidole vimechanika kwa vijikamba, lakini nkafunga mpaka maji yakaanza kujaa. Kamba 30 zimo baharini. Mpaka nivune ni kama wiki 6 hivi, inshallah.

Mume ashaanza magongo, anagombana na kuku uani (hapo ndo nkajua kapona). Deni la dukani bado lipo, mwenye duka ananitazama tu nikipita.