Naomba ushauri: mdogo wangu ana ulemavu wa akili, anataka kusoma mapishi chuoni

Wakuu, habari zenu, na shikamooni wakubwa. Nipo Igoma, Mwanza. Mdogo wangu wa kike ana miaka 20, ana ulemavu wa akili. Alisoma kitengo maalumu cha shule ya msingi, alipomaliza akarudi nyumbani, basi. Kusoma anasoma kwa kuunga silabi, chenji inampiga chenga, ila mpe jiko! Anakaanga sato mpaka wateja wa mama pale Mwaloni Kirumba wanamuulizia yeye.

Mwezi uliopita nilimpeleka chuo kimoja cha ufundi. Dada wa mapokezi hata hakumtazama, akaniambia mimi, "Huyu si wa hapa." Mdogo wangu alisikia. Kwenye daladala hakusema neno, na huyu kwa kuongea ni kasuku.

Nimesoma kwamba Marekani, tangu sheria yao ya mwaka 2008, vijana kama yeye wanaweza kupata ruzuku ya serikali kusoma programu zao vyuoni hata bila cheti cha sekondari. Hata sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, lakini pale mapokezi nitaitaja vipi?

Kuna aliyempeleka ndugu yake VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi huku Kanda ya Ziwa, akakaa darasa moja na wenzake? Mitihani alifanyaje? Nianzie kwa afisa ustawi wa jamii au kwa mkuu wa chuo? Mama anaogopa bweni, kwa hiyo cha kutwa kitatufaa zaidi.