Kibo inatoka kijivu tupu kwenye picha nyeusi na nyeupe, nifanyeje?

Kijana_wa_Moshi: Wakuu, habari zenu. Napiga picha za Mlima Kilimanjaro nikiwa huku mjini, kisha naziondoa rangi. Kwa macho Kibo inang'aa vizuri tu, lakini rangi ikitoka, anga na mlima vinakuwa kijivu kimoja na theluji inamezwa na mawingu. Huwa natoka mishale ya saa nne asubuhi. Ninunue lenzi nyingine? Natanguliza shukrani.

Mzee_Kivuli: Usinunue kitu, kijana. Saa nne jua limeshapanda na mawingu nayo yameshapanda. Toka saa kumi na mbili na nusu. Jua linaupiga mlima kutokea kulia, upande wa kilele cha Mawenzi, na kila mgongo unalaza kivuli chake bondeni. Ukishaondoa rangi, vivuli ndivyo vinavyokuchorea umbo.

Angalia na mwezi. Desemba na Januari jua liko kusini, kwa hiyo uso tunaouona Moshi unapata mwanga. Juni limehamia kaskazini, uso huohuo unashinda kivulini.

NaneNane_KE: Huku Amboseli, kaskazini mwa mlima, ni kinyume, Juni ndiyo yetu 😀

ChumbaCheusi: Mzee kasema kweli, ila hilo la anga lina dawa yake. Kwenye programu ya kuhariri, usibonyeze tu "ondoa rangi". Shusha bluu peke yake uone anga linavyokolea na theluji inavyojitokeza. Ndiyo kazi ya filta nyekundu, kile kioo cha rangi cha mbele ya lenzi, enzi za filamu. Mpiga picha Ansel Adams aliitumia kule kwenye jabali la Half Dome, Marekani, mwaka 1927, anga likatoka karibu jeusi.

Tahadhari: vivuli vya theluji vinaangazwa na anga, vina ubuluu, kwa hiyo navyo vinakolea. Msitu wa chini unageuka masizi. Mimi naishia kwenye filta ya chungwa.

Na upimie mwanga kwenye theluji, mpaka mikunjo yake ionekane. Kivuli utakiinua baadaye, lakini theluji iliyoungua, yaani iliyotoka nyeupe tupu, haifufuki.

Kijana_wa_Moshi: Asanteni sana wakuu. Na kwa simu je?

ChumbaCheusi: Inawezekana, kama inahifadhi faili ghafi (RAW). JPEG, lile faili la kawaida lililobanwa, ukishusha bluu sana, anga linafanya chengachenga.

Mzee_Kivuli: Msitu uwe masizi, ubaya uko wapi? Mimi nyekundu siiachi.