MD (udaktari) Mbeya na kazi ya kujikimu: tuisheni, duka la dawa au mpunga?

Binti_Forest
Habari zenu wakuu. Nasoma udaktari hapa Mbeya, namaliza mwaka wa pili. Mkopo wa Bodi nilipata asilimia ndogo, na mama anauza ndizi Tukuyu huku ana wadogo zangu wanaosoma. Sitaki kumpigia simu ya hela kila mwezi. Nina njia tatu mbele yangu: tuisheni, kukaa duka la dawa usiku, au kununua mpunga Mbarali na kuuza baadaye. Mliopita huku, ipi inaendana na ratiba yetu?

Mwaka_wa_Tano
Mdogo wangu, mwaka wa tatu unaanza wodini, haufanani na hii miwili. Anatomia na fiziolojia unaweza kuzisoma geto saa sita usiku. Wodini haiwezekani hivyo. Raundi ya kupitia wagonjwa ni asubuhi, wagonjwa uliopewa unatakiwa uwajue, na kila idara, iwe upasuaji, watoto au uzazi, ina zamu zake. Ukikosa mahudhurio unaweza kuzuiwa mtihani, halafu unarudia wakati wenzako wanasonga.

Kwa hiyo mimi naipima kazi kwa jambo moja: je, saa zake unaweza kuzisogeza bila kumwangusha mtu? Duka la dawa hapo linashindwa. Mwenye duka anamtaka mtu saa ileile kila siku. Ukikesha huko ukaingia raundi, unamsikiliza mgonjwa huku usingizi umekubana, na yeye anakueleza maumivu yake akiamini unasikia. Hilo linaniuma kuliko sapu, yaani mtihani wa marudio.

Mtoa_Dawa_Songea
Naunga mkono, na sababu nyingine ipo. Maduka ya dawa muhimu yalianzia kwetu Ruvuma mwaka 2003, na sharti ni kwamba anayetoa dawa awe na mafunzo na cheti cha kazi hiyo. Kusoma MD mwaka wa pili si cheti hicho. Wakaguzi wakikukuta, wewe na mwenye duka mko matatani.

Zahanati ya mtaani ikikuita "uwasaidie kuona wagonjwa", kataa kabisa, mwanangu. Unasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha usajili wa Baraza la Madaktari. Kabla ya hapo huna ruhusa ya kutibu peke yako.

Tabibu_Makete
Sisi tuliotoka diploma ya utabibu tuko tofauti kidogo, maana usajili tunao. Mimi nashika zamu za wikiendi kihalali. Ila wiki za mitihani ya wodi sishiki hata moja.

PCB_Sokomatola
Tuisheni, bila kusita. Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, cha sita Mei. Likizo yetu ndefu inaangukia pale wazazi wanapoanza kuhangaika na matokeo ya watoto. Biolojia na kemia bado ziko kichwani. Kusanya watoto watano au sita nyumbani kwa mmoja wao, hela ilipwe mwanzo wa mwezi. Ukiingia wodini bakiza Jumamosi mchana tu. Zamu ikikubana, unawaambia wazazi mapema mnahamishia Jumapili.

Mkulima_Ubaruku
Mpunga msiupite haraka hivyo. Mavuno ya huku Mbarali yanaanza kama Mei, na mzigo ukijaa bei inashuka. Ukinunua magunia machache Juni au Julai ukayaweka ghalani, Januari na Februari mara nyingi bei iko juu, na wewe muda wote ulikuwa darasani. Hakikisha umekauka vizuri, la sivyo mashineni utapata chenga, mchele uliovunjika. Mlipe mwenye ghala kwa gunia, na uandikishiwe. Ila hela ya ada usiiguse, dada. Kuna miaka bei haipandi, na chuo hakisubiri soko.

Binti_Forest
Asanteni sana, nimewaelewa. Duka la dawa nimeliacha. Likizo hii tuisheni, kitakachobaki nichukue gunia moja au mawili. PCB, wazazi wa kuanza nao unawapataje?

PCB_Sokomatola
Kanisani, na kwa walimu wa sekondari, wao wanajua mtoto yupi amekwama. Nina kundi la kidato cha nne Iyunga ambalo siwezi kuendelea nalo, naingia idara ya upasuaji. Nitumie ujumbe, nikupeleke ukaonane na wazazi Jumamosi.