Ua wa nyuma kwa Da Mkubwa: natafuta fundi wa bustani

Da Mkubwa: Habari za jioni wote, wakubwa shikamooni. Jamani nataka fundi wa ule ua wa nyuma, nimechoka, mvua ikinyesha tope linaingia mpaka jikoni. Nataka nyasi, pevingi kidogo (vile vitofali vya kupanga chini) pale kwenye kamba za nguo na miti miwili ya kivuli. Nani ana fundi anayemjua asiyezungusha watu

Mjomba: Marahaba.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Wa kwangu usiniulize kabisa 😂

Kitinda: shangazi usianze story ukaiacha njiani

Shangazi: Yule alikuja simu imejaa picha, bustani kama za hotelini, mimi nikaingia mzimamzima. Na siku anamaliza palipendeza kweli tusimsingizie, majirani walikuja kupiga picha. Mvua za kwanza tu pevingi zikaanza kuzama, hapa shimo hapa kilima, ukipita na ndoo unayumba kama umelewa. Nikaita mwingine afumue, chini hamna kokoto hata moja!! Alimwaga mchanga juu ya udongo mlaini akapanga akachukua chake akaenda

Kaka: hakushindilia huyo

Shangazi: Ashindilie nini na hata mashine sikuiona

Mjomba: Pevingi kazi yake iko chini. Unatoa udongo wote mlaini, unaweka kifusi kigumu au kokoto, kwa njia ya miguu sentimita 10 mpaka 15, kama gari litapita unaongeza, na unashindilia tabaka kwa tabaka siyo kumwaga yote mara moja. Mchanga wa juu ni kama sentimita 3 tu wa kulalia. Halafu pembeni pakazwe kwa zege maana bila hivyo zinaachana taratibu. Fundi akikutajia bei bila kukwambia chini anaweka nini ujue amekupigia bei ya kazi ya juu tu, ya chini utakuja kuilipa mwenyewe.

Da Mkubwa: mjomba pole pole naandika

Kitinda: na miti yako shangazi ilikuwaje, si ulituletea picha humu

Shangazi: Wee! Alichimba shimo kama la kisima akaudidimiza mche, shina likafukiwa karibu mkono mzima, eti upepo usiuangushe. Mwaka mzima umesimama tu haukui haufi. Siku nimefukua kwa vidole gome linabanduka kama karatasi iliyolowa

Mjomba: Pale shina linapotanuka kuanza mizizi panatakiwa paonekane, pawe usawa wa ardhi. Shimo liwe pana, hata mara mbili au tatu ya fungu la mizizi, ila kina kisizidi kimo cha fungu lenyewe. Na matandazo, yale majani makavu ya kufunika udongo, uweke sentimita 5 mpaka 10 lakini yasiguse shina, watu wanayarundika pale kama kichuguu, shina linabaki bichi muda wote.

Kaka: mnamtisha dada bure. Si atafute kijana wa kufyeka tu amwagie mbegu yaishe

Da Mkubwa: Kaka kufyeka na kutengeneza ua ni kazi mbili

Kaka: najua, ndo nasema zigawe. Fundi mzoefu umpe mambo ya maji na pevingi, nyasi na kubeba udongo hata vijana wa kutwa wanaweza kama kuna mtu wa kuwasimamia. Fundi mmoja akikubali kila kitu we muulize nani hasa anakuja kushika koleo, yeye au anatuma watu

Mjomba: Hapo umesema. Lakini mama, shida yako siyo nyasi, ni maji. Ua umelalia mlangoni. Hata wakikuwekea nyasi za kubandika utakuwa umefunika tatizo kwa kijani. Ardhi ishuke kutoka ukutani, kwa pevingi angalau sentimita 2 kila mita moja, udongo mtupu zaidi ya hapo. Na muulize maji yanaishia wapi, asije akayasukuma kwa jirani ukaanza ugomvi wa ukuta.

Da Mkubwa: sawa mjomba. Kesho wanakuja wawili nitawaambia

(siku ya pili)

Da Mkubwa: Haya. Wa kwanza hakuingia hata ndani, kasimama getini kaangalia hivi kaniambia tripu nne za udongo na bei papo hapo, nusu nimpe leo

Kaka: tripu za gari lipi? pima mwenyewe, sehemu ya nyasi ni mita ngapi

Da Mkubwa: 8 kwa 5

Kaka: ukijaza sentimita 10 ni kyubiki 4, yaani mita za ujazo 4. Kuna malori yanabeba hiyo kwa safari moja. Tripu siyo kipimo, sema naye kyubiki

Kitinda: 😂😂 getini alikuwa anapima kwa macho

Da Mkubwa: Wa pili sasa. Mzee hivi, hana picha hata moja. Akaomba ndoo ya maji. Nikajua anataka kunywa au kunawa, kumbe akaenda katikati ya ua akaimwaga akachuchumaa anaangalia. Maji yakajikusanya yakaja taratiiibu mpaka kizingitini kwangu. Akaniambia mama tuanze na hapa, nyasi baadaye. Akauliza chemba iko wapi, jua la mchana linapiga upande gani, nani atamwagilia wiki za mwanzo

Shangazi: Huyo huyo

Kaka: usikimbilie, omba ukaone kazi yake ya zamani. Ya wiki iliyopita kila mtu anayo nzuri

Da Mkubwa: Nimetoka huko! Ya miaka miwili. Pevingi zimenyooka, kona moja chini ya mti mkubwa nyasi zimekufa zote, mwenye nyumba akasema mzee alimwambia hapa kivuli hazitaota yeye akang'ang'ania

Mjomba: Mpe kazi.

Kaka: ila muandikiane hata kwa meseji. Mita ngapi, nyasi gani, kokoto kina gani, kifusi kinachobaki nani anakibeba (hiki ndo huwa kinabaki getini miezi), mche ukifa nani analipa. Vifaa nunua mwenyewe, ufundi lipa kila hatua ikiisha, na kafungu ka mwisho kabaki mpaka mvua moja kubwa ipite

Da Mkubwa: kakubali, kasema hata yeye anataka kuiona hiyo mvua. Anaanza kuchimba Jumatatu

Mjomba: Bomba la maji umemwonyesha linapopita?

Da Mkubwa: mmh mjomba hata mimi silijui

Mjomba: Nalijua mimi, nililifukia mwenyewe, tena halijaenda chini sana. Asiguse jembe mtu mpaka nifike.

Kitinda: kwa hiyo mjomba wewe ndo ulielekeza na ua mlangoni 👀

Mjomba: Jumatatu saa mbili nipo hapo.