Nyambizi iliyostaafu kuwa makumbusho: ielee au ipandishwe nchi kavu?

Mkuku84:
Wakuu, kuna nyambizi ya dizeli na umeme, urefu mita 85 hivi, inatafutiwa mahali pa kuonyeshwa watu. Nusu ya kamati inataka ibaki majini kwa sababu gharama ya kuanzia ni ndogo. Nusu inataka ipandishwe. Ipi itaifikisha miaka 50 ijayo, na tuanze na nini?

FundiMataruma:
Kama fedha ya kuinyanyua ipo, ipandisheni. Ikibaki majini ni lazima iende chelezoni (gati kavu la matengenezo) kila baada ya miaka kadhaa, na safari hiyo ikiahirishwa mara mbili tatu, chuma huwa chembamba mno hata kuivuta inakuwa hatari. K-77, nyambizi ya Kisovieti iliyokuwa makumbusho, ilizama gatini Providence, Marekani, katika dhoruba ya Aprili 2007. USS Clamagore, nyambizi ya makumbusho ya Marekani, ilikatwa chuma chakavu mwaka 2022 kwa kushindwa gharama za matengenezo.

Msipokuwa na njia ila kuiacha majini, pimeni unene wa mabamba kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, mkikazia usawa wa maji, maana hapo hewa na maji hupokezana na kutu hula haraka. Fungeni vipande vya zinki kama ni maji ya chumvi, magnesi kama ni maji yasiyo na chumvi, viliwe badala ya chuma. Bodi (ganda la chuma la nyambizi) likipimwa kwa elektrodi ya madini ya fedha ndani ya maji ya bahari lisome volti −0.80 au chini zaidi. Likisoma −0.65, zinki imekwisha au imepoteza mguso na chuma.

Nchi kavu nako kuna adui: mvua. Chini ya sitaha ya nje kuna vitundu vya kutolea maji. Unyoya mmoja na kinyesi cha ndege vikiziba kitundu, maji hukaa juu ya bodi miezi mizima. Ukigonga hapo kwa nyundo ndogo, sauti inakuwa butu badala ya kulia, na magamba ya kutu yanatoka kama kurasa. HMS Alliance, nyambizi ya makumbusho kule Gosport, Uingereza, iliharibiwa na maji ya chumvi chini na njiwa juu. Ukarabati uliokamilika 2014 ulikula karibu paundi milioni 7, pamoja na kujaza ardhi chini yake.

Magogo ya kuikalia yawe chini ya mataruma (mbavu za bodi) na kuta za vyumba, kamwe si katikati ya bamba. Bamba peke yake litabonyea.

ChumviKwanza:
Naongeza jambo linalosahaulika: rangi juu ya chumvi ni kazi bure. Holland 1 ya Uingereza ilizama 1913, ikaopolewa 1982, ikapakwa dawa ya kuzuia kutu. Kutu ilirudi kwa sababu chumvi ilibaki ndani ya chuma. Ikabidi ijengewe tangi na kulowekwa miaka minne hivi katika maji ya kaboneti ya sodiamu, ndipo ikawekwa kwenye jengo lenye hewa kavu.

Kwa hiyo pigeni mchanga (kusugua chuma kwa mchanga unaorushwa na hewa), osheni kwa maji yasiyo na chumvi ya shinikizo kubwa, pimeni chumvi, kisha pigeni mchanga mwepesi tena. Mchanga pekee huacha chumvi kwenye vishimo. Kwa matangi ya farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya meli kikomo ni miligramu 50 za chumvi kwa mita mraba. Rangi ya kwanza ipakwe siku hiyohiyo.

Mkuku84:
Ahsanteni sana. Je, betri zikitolewa na matangi yakafungwa kabisa, si itakuwa salama?

FundiMataruma:
Betri zitolewe, ndiyo, asidi yake inakula ngama (sakafu ya chini kabisa ya chombo). Ila pigeni hesabu ya uzito kwanza. Nyambizi za Marekani za Vita Kuu ya Pili zilikuwa na seli za betri 252, kila moja kilo 750 hivi, yaani tani 190. Ikiwa bado inaelea, wekeni farumi mahali pilepile, la sivyo itainuka na kukosa uthabiti.

Kuhusu matangi, hapana. Kutu inakula oksijeni, na tangi lililofungwa linaweza kumuua mtu anayeingia dakika chache tu. Fungueni, pulizeni hewa, pimeni: chini ya asilimia 19.5 haingii mtu. Wala msijaze povu la plastiki, maana hushika maji dhidi ya chuma na hamtaona bamba tena mpaka litoboke.

ChumviKwanza:
Na kabla hamjakata mlango wa wageni ubavuni, asbesto ya mabomba iwe imeshatolewa na watu wenye leseni. Moto wa kukatia hupasua vitambaa vya asbesto vilivyozungushiwa mabomba na vumbi lake husambaa nyambizi nzima.