Kumpeleka mama kambi Ziwa Superior: hema litatosha?

MamaKoku
Wakuu, habari za jioni. Niko Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa sita huu, na sijawahi kulala kwenye hema hata usiku mmoja. Kwetu Bukoba mtu mzima akilala nje ujue kafukuzwa nyumbani. Sasa wanangu wawili, miaka 12 na 8, wamenishika koo tangu Krismasi: wenzao wote wa shule wanakwenda kambi kaskazini, wao tu ndio hawajui moto wa porini ukoje.

Halafu kuna mama yangu. Alikuja kututembelea mwezi wa pili, ana miaka 67, anarudi mwezi wa sita. Kazi yake imekuwa kukaa dirishani kuhesabu magari ya kuzoa theluji. Juzi Koku akamsomea kwamba Superior ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, letu la Victoria ni la pili. Mama hakufurahi hata kidogo. Amesema hilo ziwa apelekwe akalione mwenyewe.

Mpango wangu: katikati ya Aprili nina siku tatu za mapumziko. Tuendeshe mpaka Split Rock, kule kwenye mnara wa taa, tulale siku mbili. Nimeazima hema la watu sita. Nina mablanketi manne mazito, jiko la mkaa, na jiko dogo la gesi ya kopo nililonunua duka la Waasia. Baridi ikizidi usiku nafikiri tuingize jiko la mkaa ndani ya hema kwa muda, tupashe joto, tulitoe.

Mambo ya boti msinishauri. Mama hapandi chombo cha majini tangu MV Bukoba izame Mei 1996, watu wa Kagera na Mwanza mtanielewa.

Je, nimekosea wapi?

Mkia_wa_Kambale
Dada MamaKoku, shikamoo yangu mfikishie mama. Niko Duluth, mji ulio ufukweni mwa hilo hilo Superior, mwaka wa 11, na kambi ndiyo starehe yangu pekee, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwanza kabisa jiko la mkaa. LISIINGIE NDANI YA HEMA. Si kwa muda, si likiwa limebaki makaa mawili, si mlango ukiwa wazi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haikohozi mtu. Mnalala na hamwamki. Nimeanza na hili kwa sababu mengine yote ni ya usumbufu, hili ni la msiba.

Pili, Aprili. Ahirisha hadi mwisho wa Mei. Niliwahi kulala hifadhi ya Gooseberry tarehe 22 Aprili, nikiwa kijana na mjuaji. Asubuhi zipu ya hema imeganda, buti nilizoacha nje zimekuwa mawe. Huko kwenu Brooklyn Park mtakuwa mmeshavaa fulana, mtadanganyika. Ukisikia "ziwa la maji baridi", hapa lichukue neno kama lilivyo: mwezi wa tano maji ni kama nyuzi 4 za kwetu. Upepo ukitoka mashariki unapita juu ya hayo maji maili na maili kabla haujakufikia. Mimi nimeshatoka kazini, nyuma ya kilima watu wana jasho, nikashuka ufukweni nikavaa koti. Umbali wenyewe hata dakika 15 haufiki.

Hiyo gesi ya kopo nayo itakuaibisha. Ni butani, na butani ikifika karibu na kuganda kwa maji haitaki kugeuka hewa. Utawasha, moto utachungulia kama kibatari kisha uzime, na mama anasubiri chai. Tafuta jiko la propani, au chemsha mchana uweke kwenye chupa ya chai.

Kuni usitoke nazo mjini. Hifadhi za jimbo zinataka kuni zilizoidhinishwa, zinazouzwa huko huko, kwa sababu ya mdudu anayeua miti ambaye husafiri ndani ya magogo. Na uulize kama moto umeruhusiwa wiki hiyo. Theluji ikiisha na majani mapya hayajatoka, nyasi za mwaka jana zinawaka kama karatasi.

Kitu kimoja tu kinachoniuma kwa wewe kuahirisha: mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei vidagaa vinavyoitwa smelt vinakuja ufukweni usiku, na watu wanaingia majini na nyavu pale Park Point, ufukwe wa hapa Duluth, wamevaa suruali za mpira hadi kifuani. Kibali cha kuvua lazima. Mama angejisikia nyumbani.

Jirani_StCloud
Mimi niongeze moja tu, hawa wa Duluth wameshazoea wanasahau. Mkisogeza hadi mwisho wa mwezi wa tano mnakutana na usubi. Ule mweusi mdogo, unauma nyuma ya masikio unatoa damu. Watoto wavae kofia na nguo za rangi nyeupe nyeupe, soksi juu ya suruali, na jioni uwakague kupe mpaka kwenye nywele. Dubu pia wameamka na njaa, chakula chote kilale ndani ya gari. Hata dawa ya meno. Hata zile senene ambazo mama lazima alikuja nazo, usinidanganye 😄

MamaKoku
Senene ziliisha wiki ya kwanza, asante kwa kunikumbusha machungu.

Kaka Kambale, nimekusoma mara mbili, jiko la mkaa nimelirudisha gereji. Lakini sasa nimebaki na swali baya zaidi. Mama ana magoti. Usiku anaamka mara tatu kwenda msalani. Nimeangalia picha za Split Rock, kuna sehemu za hema ambazo mizigo unaisukuma kwa kitoroli kutoka kwenye gari. Nimeona nikisukuma mablanketi, mama yuko nyuma ananiuliza hivi ndivyo ulivyokuja kuishi Amerika.

Mkia_wa_Kambale
Ungesema magoti tangu mwanzo, dada yangu. Achana na hema kwa mama. Baadhi ya hifadhi za jimbo zina vibanda vya mbao vyenye vitanda na hita. Jay Cooke, kusini-magharibi mwa Duluth, wanavyo. Unaweza kuagiza siku 120 kabla, na wikiendi ya Memorial Day, ile sikukuu ya mwisho wa Mei, ilishachukuliwa zamani, kwa hiyo lenga wikiendi ya kabla yake, au siku za katikati ya wiki. Kibali cha gari nacho kinalipiwa, cha siku au cha mwaka mzima. Choo kitakuwa nje, mchukulie mama tochi nzuri na ndoo. Ndoo si aibu.

Watoto wapige hema lao hapo hapo kwenye kiwanja cha kibanda, kama wakiruhusiwa, uulize. Wawe na mifuko ya kulalia ya baridi, na chini yao waweke godoro la kambi au hata kadibodi na mkeka. Baridi inayoumiza inatoka chini, blanketi la juu halisaidii. Split Rock mwende mchana mrudi, ni maili 50 hivi kutoka Duluth.

MamaKoku
MREJESHO.

Tulipata kibanda kwa sababu mtu aliahirisha. Watoto walilala kwenye hema hadi saa saba usiku, mvua ikaja, wote wawili wakaingia ndani wakiwa kimya kabisa. Hatujalizungumzia tena.

Split Rock mama alikaa kwenye benchi amejifunga vitenge viwili juu ya koti langu la kazini. Koku alimsomea ubao: mnara uliwashwa 1910, baada ya dhoruba ya 1905 kuvunja meli nyingi. Nikamweleza na ile meli Edmund Fitzgerald, iliyozama 1975 na watu 29, na kwamba kila tarehe 10 Novemba wanawasha taa. Mama akauliza, kila mwaka? Nikasema kila mwaka. Akanyamaza muda mrefu, nikaenda kununua chai.

Niliporudi alikuwa ameshashuka ufukweni, magoti na yote, Koku kamshika mkono. Alichota maji kiganjani, akanusa, akayamwaga. "Ziwa gani hili halinuki samaki?"

Njiani tukanunua samaki wa kuvuta moshi, nusu kilo. Walikwisha kabla hatujafika Duluth. Hao aliwakubali.